Kijiti Kimepita Tundu Jekundu, Dawa Bado Imefungiwa

Mmea wa kumi na mbili una funza wanne.

Mwanamke aliyeinama mbele yake anageuza jani moja moja, upande wa chini kisha wa juu, kama anayetafuta chawa kichwani kwa mtoto. Analifungua ua kwa kucha. Wa kwanza amejikunja humo ndani, mwembamba kama uzi. Wa pili na wa tatu wako kwenye majani machanga ya kileleni. Wa nne ametoboa kitumba, lile tunda bichi ambalo siku zikitimia hupasuka na kutoa pamba. Kichwa chake kimeshazama. Kilichobaki nje ni kiuno tu.

Anamvuta taratibu asikatike, anamlaza kiganjani, anamtazama, kisha anamsaga kwa kidole gumba. Kidole hicho kina rangi ya kijani ambayo sabuni imeshindwa kuitoa.

Mkono wa kushoto umeshika ubao wenye safu mbili za matundu. Safu ya juu ni ya mimea: akimaliza mmea mmoja, kijiti kinasogea tundu moja, hadi thelathini. Safu ya chini ni ya funza. Tundu la kumi katika safu hiyo limepakwa rangi nyekundu, na maana yake haihitaji kusoma: kijiti kikifika hapo kabla mimea thelathini haijaisha, shamba lipuliziwe dawa.

Kijiti cha chini kiko tundu la kumi na nne. Mimea kumi na minane bado haijaguswa.

"Umefika ngapi?" anauliza mama mkwe wake, mwenye shamba, ambaye anapalilia mistari mitatu nyuma yake.

"Kumi na nne, mama."

"Basi wape na viti wakae."

Hakuna anayecheka. Mwanamke huyo, ambaye ndiye mkaguzi wa wadudu, anapiga hatua ishirini kuelekea katikati ya shamba na kuinamia mmea wa kumi na tatu.

Alipofika mmea wa ishirini, safu ya funza ikawa imejaa. Aliyechonga ubao alitoboa matundu ishirini tu chini, akiamini hakuna mtu mwenye akili zake atakayeendelea kuhesabu mara mbili ya tundu jekundu bila kupulizia. Akakichomoa kijiti, akakibana kwa meno na kuanza upya upande wa kushoto. Mmea wa thelathini ulipoisha, jumla ilikuwa funza ishirini na saba.

Ilikuwa mara ya tatu ndani ya siku kumi na moja kwa shamba hilo kupita tundu jekundu. Dawa ya kuwaua imo ghalani, umbali wa dakika sita kwa miguu.

Wakulima wa bloku hii, kundi la mashamba yanayotumia ghala moja, humwita Mama Vijiti. Ana miaka arobaini na mmoja na watoto watatu. Mume wake ni fundi ujenzi na hurudi nyumbani mara moja kwa mwezi. Yeye aliishia darasa la saba, lakini ukimuuliza kipepeo mzazi wa funza wa vitumba hutaga wapi, yai huchukua siku ngapi kuanguliwa na funza siku ngapi kuingia ndani ya tunda, atakujibu huku anachambua majani, bila kuinua uso.

"Yai siku tatu. Akitoka, ana siku nne au tano za kuzurura nje. Hapo ndipo dawa inampata. Akishaingia kwenye kitumba amejifungia mlango. Unaweza kumwaga pipa zima, atakusikia kwa mbali tu."

Kazi yake ilianza miaka sita iliyopita, serikali ilipoleta mpango wa kulinda pamba dhidi ya wadudu. Kabla ya hapo kila mkulima alipulizia alichokipata, siku aliyoipata. Wengine walipiga dawa kila wiki. Wengine walichanganya dawa mbili kwenye bomba moja na kuugua ngozi mwezi mzima. Funza walizoea. "Wakawa kama wanaoga tu," anasema.

Mpango ulikuja na ahadi nyepesi kueleweka: ninyi mtahesabu, sisi tutaleta dawa. Kwa upande wao wakulima walitakiwa kusaini kwamba hawatanunua dawa za madukani wala kutumia mabomba yao wenyewe. Maduka ya karibu nayo yakazuiwa kuuza dawa za pamba. Kila kitu kingetoka ghala la bloku.

Ni yeye aliyezunguka nyumba kwa nyumba na karatasi za kusaini. Wakulima arobaini na sita. Wengi walisaini siku ileile. Nyumba ya mwisho ilikuwa ya mama mkwe.

"Ilinichukua siku tatu," anasema. "Siku ya kwanza alinipa jembe nimsaidie. Siku ya pili alinipa mtoto wa jirani nimbebe. Siku ya tatu akasema, haya, lete kalamu, umenichosha."

Miaka mitatu ya mwanzo haikumwaibisha. Kijiti kilipogusa tundu jekundu alipeleka taarifa ghalani, na kwa muda usiozidi siku mbili mabomba yalikuwa mgongoni mwa watu. Ekari iliyokuwa ikitoa kilo mia moja na tisini ikatoa mia nne na thelathini. Mama mkwe akajenga choo cha matofali na kukiita "choo cha vijiti", na wageni wakawa wanaelezwa historia yake watake wasitake.

Mwaka wa nne ikaja ratiba.

Ni karatasi kubwa yenye rangi, imebandikwa ukutani ghalani. Inaonyesha tarehe tano za kupulizia, zilezile kwa kila bloku, mvua ziwahi au zichelewe. Wakaguzi hawakuachishwa kazi. Waliambiwa waendelee kuhesabu na kujaza fomu kila Ijumaa. Lakini kijiti hakikufungua tena mlango wowote. Mwaka jana ekari ilirudi kilo mia mbili na kumi.

Upuliziaji wa kwanza msimu huu ulifanyika kwa tarehe yake, wakati mashamba hayana hata yai moja. Wa pili umepangwa siku kumi na tatu kutoka leo.

"Siku kumi na tatu," anarudia Mama Vijiti, akiupangusa ubao kwa pindo la nguo. "Wakati huo tutakuwa tunapulizia maganda."

Ghala ni chumba kimoja chenye dirisha la nondo na mlango wa bati. Mtunza ghala, ambaye watu wote humwita Kufuli, ni shemeji yake, mdogo wa mume wake. Maana yake ni kwamba mwenye shamba lile lenye funza ishirini na saba ni mama yake mzazi.

"Karibu, shemeji," anasema Kufuli, akisimama.

"Nimeshakaribia mno. Leo ishirini na saba."

"Ishirini na saba wa nini?"

"Wageni wa harusi. Shemeji, usinichoshe."

Kufuli anaangalia chini. Nyuma yake katoni za dawa zimepangwa hadi dirishani, sitini na nne, na juu yake mabomba sita ya kubeba mgongoni, yakiwa yamerudishwa kwenye nailoni zake.

"Dawa zipo," anasema. "Unaziona. Tarehe ndiyo haijafika."

"Funza hawana kalenda, wewe."

"Hata mimi sina. Kalenda ni ya makao makuu."

"Na mama yako je?"

"Usinitajie mama. Jana nimeenda kumsalimia, hakuitikia. Akamgeukia mbuzi, akamwambia, 'Ona, tumepata mgeni.'"

Kufuli si mtu mbaya, na shemeji yake ni wa kwanza kusema hivyo. Kuna mtunza ghala wa bloku nyingine aliyefungua katoni kabla ya tarehe, kwa kuwahurumia watu, akafukuzwa na kuandikwa mwizi. Bila barua yenye saini ya afisa wa makao makuu, Kufuli hawezi kutoa hata kifuniko. Lakini barua ilikuwa imeshaombwa. Mama Vijiti aliiomba siku kumi na moja zilizopita, kijiti kilipopita tundu jekundu mara ya kwanza.

"Jibu lilikuja," anasema Kufuli kwa sauti ya chini, na kutoa karatasi kwenye droo. "Nilikuwa natafuta namna ya kukwambia."

Karatasi ina mistari mitatu. Ukaguzi umefanyika. Wadudu wako chini ya kiwango. Upuliziaji usubiri ratiba. Tarehe yake ni ya wiki iliyopita.

Mama Vijiti anaisoma mara mbili.

"Ukaguzi umefanyika wapi?"

"Shamba darasa. Pale barabarani. Mimi ndiye niliyemfungulia afisa geti."

"Mimea mingapi?"

"Sita. Jua lilikuwa kali, shemeji. Na gari lilikuwa limeachwa linanguruma."

Hapo anatafuta pa kukaa, anakaa juu ya ndoo iliyofudikizwa.

Shamba darasa ni robo ekari kando ya barabara, lenye uzio na kibao. Kila Jumatatu na Alhamisi yeye huwafundisha pale wakulima wenzake, wengi wao wanawake, namna ya kumtofautisha funza wa vitumba na wadudu wengine. Kila funza anayeonekana hupita mikononi mwa wanafunzi wote, kila mtu amwone kwa karibu, kisha husagwa. Mwezi na nusu, mara mbili kwa wiki, watu kumi na tano au ishirini wakipekua mimea ileile. Hakuna shamba safi kuliko hilo katika bloku nzima. Pengine hakuna kokote.

Afisa alishuka kwenye gari, akaingia geti lililokuwa karibu na tairi lake, akatazama mimea sita iliyosafishwa kwa kidole gumba cha mkaguzi, kisha akaandika kwamba mkaguzi hajui kuhesabu.

Maneno hayo ya mwisho hayako kwenye karatasi. Lakini Mama Vijiti anasema ndivyo alivyoyasoma.

Hata hivyo hilo halikuwa baya zaidi siku hiyo. Akiwa bado juu ya ndoo, macho yake yako usawa wa miguu ya meza ya Kufuli. Mguu mmoja ni mfupi. Chini yake pamewekwa furushi la karatasi ili meza isiyumbe. Kando ya furushi hilo kuna mengine kumi, yamepangwa ukutani, yamefunikwa vumbi.

Ni fomu zake. Anazifahamu hata bila kuzisoma, kwa sababu kila mwisho wa mwezi huzifunga kwa uzi wa buluu anaouchomoa kwenye mifuko ya mbolea, na fundo lake lina vitanzi viwili na mkia mmoja mrefu. Mafurushi kumi na moja. Mafundo kumi na moja, yote yakiwa kama alivyoyaacha.

"Hazijafunguliwa," anasema.

"Nilizipeleka, shemeji. Haki ya Mungu, mwaka ule wa kwanza wa ratiba nilizipeleka mwenyewe. Zikarudi na lori lililoleta dawa. Wakasema hawana pa kuziweka."

"Hawana pa kuziweka."

"Ndivyo walivyosema."

"Nimetembea na mvua kuzijaza hizi. Nimezijaza na homa. Yule mdogo nimemzaa Jumatano, Ijumaa nikamtuma dada yake alete fomu." Sauti yake ilikuwa inazidi kuwa ndogo, na Kufuli, aliyeishi naye jirani miaka kumi na minane, alianza kurudi nyuma. "Kumbe nilikuwa nashikilia meza."

Akasimama, akaomba simu. Kufuli akaitoa, akaitafuta namba ya afisa, akaiweka kwa sauti kubwa.

"Habari za kazi, mama mkaguzi," ikasema sauti ya upole kutoka upande wa pili.

"Kazi ipo, bwana. Sijui huko kwako."

Afisa alieleza kwa subira. Mpango una bloku mia mbili na kumi na malori manane. Kila bloku ikitaka kupulizia siku yake, hakuna gari litakalofika popote.

"Nimekuelewa," akasema Mama Vijiti. "Lakini hizi hazihitaji lori. Ziko hapa. Natazamana nazo."



"Ripoti yangu inaonyesha wadudu wako chini, mama."

"Ripoti yako ina mimea sita. Yote sita nimeisafisha kwa kidole changu."

"Sasa kama uliisafisha, mimi ningejuaje?"

"Ungeuliza. Au ungefungua furushi moja. Moja tu, bwana. Sikuombi kumi na moja."

Kufuli alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja. Upande wa pili palisikika karatasi zikipekuliwa, mlango, mtu akiongea. Kisha afisa akasema atapita kesho saa tatu asubuhi, akielekea bloku nyingine. Atakagua mimea thelathini. Funza wakipita kiwango ataisaini barua palepale. Wasipopita, ratiba itabaki ilivyo, na angeomba asipigiwe simu tena kwa jambo hili.

"Nina saa moja tu," aliongeza.

"Saa moja inatosha. Njoo na viatu vya shamba."

Alipotafutwa baadaye kwa simu, afisa huyo alizungumza kwa adabu na hakukwepa swali. Alisema ratiba iliwekwa kwa nia njema, kwa sababu katika baadhi ya bloku wakaguzi walikuwa wakiongeza hesabu ili wapate dawa za ziada. Kuhusu fomu, alisema kuna utaratibu mpya unaandaliwa wa kuzipokea. Kuhusu mimea sita, alisema siku ile alikuwa na bloku nne za kuzunguka.

Huenda yote hayo ni kweli. Funza, kwa upande wao, hawakusimama kusubiri maelezo.

Habari kwamba afisa anakuja ilifika mashambani kabla Mama Vijiti hajafika mwenyewe. Alimkuta fundi baiskeli, mkulima wa ekari mbili jirani na mama mkwe, akimsubiri kwenye geti la shamba darasa na kopo la rangi mkononi. Kopo limefunikwa kwa kitambaa.

"Sikiliza sauti yake," alisema fundi, akilitikisa karibu na sikio lake. "Mia moja na kitu. Nilikuwa nawaokotea kuku tangu asubuhi, wanene, wana afya kuliko wanangu."

"Wa nini?"

"Wa kupanda. Tunawagawa hapa shamba darasa, kila mmea wanne. Bwana mkubwa kesho hatalazimika hata kuchafua soli. Anashuka, anaona, anasaini, anaondoka. Kila mtu amefurahi."

Mama Vijiti alilitazama kopo kwa muda. Baadaye alikiri kwamba mkono ulimwasha.

"Hapana," alisema.

"Hapana nini?"

"Sihamishi funza."

"Si ni funza wetu? Si wametoka mashamba yetu? Uongo uko wapi hapo?"

"Wametoka kwako. Waache wahesabiwe kwako. Nikimhamisha hata mmoja, kila namba niliyowahi kuandika inakuwa ya kutunga. Watasema mafundo walifanya vizuri kutoyafungua. Si umesikia? Wanasema wakaguzi wanaongeza hesabu."

Fundi aliliweka kopo chini. Ni mtu wa utani, anayeweza kumchekesha mteja hadi asahau kwamba gurudumu halijapona. Lakini safari hii hakuna utani uliotoka.

"Mama Vijiti, nilikuwa na bomba langu. Zuri, la shaba. Nikaliuza. Unajua kwa nini niliuza? Ulikaa kwenye benchi langu ukaniambia halitahitajika tena. Wewe, kwa mdomo wako."

"Najua."

"Kujua kwako hakuui funza."

Fundi aliliokota kopo na kwenda kuwamwagia kuku wake, akitukana njia nzima, bila kumtaja mtu.

"Hasira yangu kwa wale wa makao makuu naijua ilipo," alisema Mama Vijiti baada ya fundi kutokomea. "Lakini hii ya fundi sina pa kuipeleka. Wao walitoa ahadi, mdomo walioutumia ukawa wangu. Watu hawakuiamini karatasi. Waliniamini mimi."

Saa tisa alasiri alirudi shambani kwa mama mkwe akiwa na shuka kuukuu jekundu. Aliketi mpakani akalichana vipande vyembamba, thelathini, kila kimoja cha urefu wa shibiri. Mimea aliyokagua asubuhi haikufaa tena, maana funza wake wote alikwisha kuwasaga. Afisa angeikuta safi kama ile ya shamba darasa. Ilitakiwa mimea mingine thelathini, ambayo hakuna mtu aliyeichagua kwa jicho.

"Mama, fumba macho, urushe bonge la udongo."

"Nirushe wapi?"

"Popote. Litakapoanguka, hapo ndipo mmea wa kwanza. Asije akasema nimemchagulia."

Mama mkwe aliokota bonge, akafumba macho, akarusha kwa nguvu ambazo mtu hakutarajia kwa mwanamke wa miaka sabini na mmoja. Lilianguka mbali, katikati kabisa ya shamba.

"Nilikuwa nawaza kichwa cha mtu," alieleza.

Kuanzia hapo kazi ilikwenda kwa utaratibu ule anaoutumia tangu mwaka wa kwanza: hatua ishirini, mmea, geuza majani, fungua ua, zungusha kila kitumba. Kijiti cha juu kinasogea. Kijiti cha chini kinasogea. Kisha, badala ya kusaga, anafunga kitambaa chekundu kwenye shina na kuondoka.

Hilo ndilo lilimshinda mama mkwe kulivumilia. Kwenye mmea wa tatu alimwona mkwewe akimfunua funza, akimhesabu, na kumfunika tena kwa jani lake.

"Wewe! Unamlaza shambani kwangu?"

"Usiku mmoja tu, mama."

"Na akila?"

"Atakula."

"Na wenzake?"

"Nao watakula, mama. Kesho saa tatu wawepo palepale, wahesabike."

Mama mkwe alisimama ameegemea mpini wa jembe.

"Ule mwaka uliniganda siku tatu na karatasi yako," alisema hatimaye, "unadhani nilisaini kwa sababu serikali imeahidi?"

"Kwa nini basi?"

"Nilikuona unavyoosha sufuria. Mtu anayeosha hadi chini, pale kwenye masizi, nikasema huyu hatanidanganya kwa makusudi." Akaliweka jembe begani. "Walaze. Lakini yule mwanangu mwambie kesho asipokuja na ufunguo, chakula cha jioni akale kwenye katoni zake."

Kufikia saa kumi na mbili vipande kumi na tisa vilikuwa vimefungwa. Kutoka mpakani vilionekana vimekatiza shamba kwenda na kurudi, kila hatua ishirini doa jekundu. Kijiti cha chini kilikuwa tundu la kumi na nane. Tundu jekundu lilipitwa kwenye mmea wa kumi na moja.

Mama Vijiti anasema kesho, barua ikisainiwa, atamwomba afisa jambo moja zaidi kabla hajapanda gari: ghala lifunguliwe na ubao, siyo na ratiba ya ukutani. Kijiti kikifika pale, mlango ufunguke bila simu, bila barua, bila mtu kuchungulia kutoka barabarani. "Tulikuwa hivyo miaka mitatu. Haikuwa ndoto, tuliishi hivyo. Hata choo kipo."

Na ikiwa hatasaini?

"Nitampa ubao wake. Vijiti vyote viwili, na yale mafurushi kumi na moja atayabeba, asiniambie hana pa kuyaweka. Halafu nitaanza nyumba ya kwanza hadi ya arobaini na sita, kwa mpangilio uleule niliowasainisha, niwaambie niliwaambia uongo. Nikimaliza hiyo kazi, labda nitakuwa na nafasi ya kulia."

Mwanga umepungua. Mayai ya funza ni madogo kuliko chembe ya chumvi, na yeye hakagui asichokiona vizuri. Vipande kumi na kimoja vimebaki mfukoni. Atavifunga kesho alfajiri, umande ukiwa bado, kabla gari halijaja.

Anainama mara ya mwisho kwenye mmea wa kumi na tisa kuhakikisha fundo limekaza. Vitanzi viwili na mkia mmoja mrefu. Sentimita chache juu yake kuna kitumba kilichotobolewa, na kwenye tundu lake kiuno cha funza kinasukuma, kinatulia, kinasukuma tena.

Kidole gumba kinanyanyuka chenyewe.

Anakirudisha ndani ya ngumi, anachukua ubao, na kuondoka bila kuvichomoa vijiti mahali vilipo.